Kisu cha Mkono Mmoja

Kisu alichoachiwa Ombui na baba yake hakikuwa na kasoro. Mpini wake wa mbao ulikuwa umelainika kwa miaka thelathini ya kukaa mfukoni, na bapa lake bado lilinyoa. Kasoro ilikuwa kwa Ombui. Kile kilikuwa kisu cha kukunja cha zamani, cha kushikwa kwa mkono mmoja na kuvutwa kwa ukucha wa mkono wa pili, na yeye tangu mwaka wa tisini na tatu alikuwa na mkono mmoja tu, wa kushoto, ambao maisha yake yote alikuwa ameutumia kushikilia vitu ili wa kulia ufanye kazi.

Wa kulia aliuacha Nyansiongo, kwa mdogo wake Joash, kwenye mashine ya kukatia ng'ombe majani ya nepia. Asubuhi ile ndugu hao wawili walikuwa wamegombana juu ya mtamba mmoja aliyeachwa na marehemu baba yao. Walitupiana maneno mpaka wakaishiwa, kisha, kwa kuwa ng'ombe hawajui ugomvi wa watu, wakaenda kukata nepia kimya kimya. Majani yakakwama. Injini ikazimwa, Ombui akaingiza mkono kuyachomoa. Joash akapiga hendeli ya kuiwashia injini.

"Hakukuwa na muda," Joash aliwaambia watu hospitalini huku akilia mbele yao bila aibu. "Mkono niliuona, lakini injini ilikuwa imeshashika. Hakukuwa na muda wa kusema."

Watu walimhurumia. Wengine walimfariji yeye kabla ya kumfikia mwenye kitanda. Ombui alilala pale akaikumbuka ile injini. Ilikuwa ya dizeli, kuukuu, yenye kiburi. Haikushika mpaka uizungushe mara tano au sita, na anayeizungusha huwa ametazama mbele, kwenye mdomo wa mashine. Mara tano au sita ni muda mrefu. Mtu anaweza kusema "toa mkono" hapo katikati na akabaki na pumzi ya kupiga chafya. Lakini Ombui hakuwa na ushahidi, alikuwa na hesabu tu, na hesabu hiyo aliifanya upya kila siku kwa miaka minne.

Hakumshtaki. Walisalimiana kanisani kila Sabato, wakaulizana habari za watoto. Joash hata alimletea yule mtamba, amefungwa kamba mpya, akamwacha uani. Ombui alimkamua aliponenepa na kuzaa, na kila kikombe cha maziwa yake kilimkaa kooni.

Sasa, katika boma lao pale Ikonge kulikuwa na desturi moja ambayo hata dini haikuigusa. Siku ya mahari, baada ya ng'ombe kuhesabiwa na wakwe kukaribishwa, mwana wa kwanza wa boma ndiye hukata kidari na kumpa mkubwa wa wakwe. Hukata kwa kisu kinachotoka mfukoni mwake mwenyewe. Hakabidhiwi na mtu na hafunguliwi na mtu. Akishindwa, kazi humwendea anayemfuata, nayo ikishahama hairudi. Kuanzia hapo ni yule mdogo atakayekaa kiti cha mbele na kuulizwa kwanza, na mkubwa ataletewa nyama kwenye sahani, imekatwakatwa tayari, pamoja na watoto.

Desemba ya mwaka wa tisini na sita ilipokuja mahari ya binti wa Joash, Ombui alisimama, akatoa kisu cha baba yake, akakibana kwenye meno ili akivute. Meno yaliteleza. Akajaribu tena, mate yakamtiririka kidevuni, wakwe wakaanza kutazama miguu yao. Joash akamsogelea taratibu, akakitoa kisu mdomoni mwake vile unavyomtoa mtoto kijiti.

"Lete, ominto, ndugu yangu. Utajikata ulimi bure."

Akakifungua kwa ukucha. Akakata. Mtu mmoja nyuma alicheka, akajifanya anakohoa. Baadaye wazee walikaa wakaamua kwamba siku hiyo isihesabiwe, kwa huruma, na huruma hiyo ilimkata Ombui maini kuliko kile kicheko. Lakini Aprili ilikuwa zamu ya Bochaberi, binti yake mwenyewe, na safari hii hakuna aliyemwahidi huruma.

Ndipo akaanza kutafuta kisu. Alianzia sokoni Ikonge, akaenda Nyamira, akashuka mpaka Nyakoe. Kila mahali alionyeshwa visu vya kukunja vizuri, vyekundu, vya buluu, vingine na kifungua soda na kijiko ubavuni, na kila mahali muuzaji alikifungua kwa mikono miwili akiwa ameachama kwa furaha. Ombui aliaga na kuondoka. Mwanamke mmoja pale Nyakoe alimwambia kwa nia njema kabisa, "Si utafute tu mtu wa kukufungulia?"

Mwisho alifika Kisii mjini, katika duka la Jaswant, mzee wa Kihindi mwenye kilemba ambaye aliuza misumari, majembe, minyororo na vitasa, na ambaye baba yake Ombui alinunua kwake kile kisu cha kwanza. Mkewe Tara alikuwa mwisho wa kaunta akipima misumari.

"Nataka kisu cha mfukoni," Ombui alisema. "Cha kufunguka kwa mkono mmoja."

Jaswant aliutazama ule mkono wa shati uliokunjwa na kubanwa pini. Hakuuliza umefanyaje, na kwa hilo tu Ombui alimpenda.

"Cha kazi gani, mzee?"

"Cha kila siku. Kamba ya ng'ombe, gunia la chai, muwa. Na siku moja moja, nyama."

"Kupigana hapana?"

"Ningetaka kupigana ningebeba panga, Bwana Jaswant. Panga halina haja ya kufunguliwa."

Mzee alicheka, akainama chini ya kaunta, akatoka na sanduku la viatu. Ndani mlikuwa na visu ambavyo Ombui hakuwahi kuviona. Jaswant alieleza kwamba mwanawe Neel, aliyekuwa Uingereza, alivituma akidhani vitauzika. Havikuuzika. Wateja walivishika, wakavisifu, wakavirudisha haraka kana kwamba vilikuwa vya jambazi aliye nje ya mlango.

Cha kwanza kilikuwa na kitufe. Ombui alikibonyeza, bapa likaruka nje kwa kishindo mpaka Tara akaacha kupima misumari.

"Hiki hapana," Jaswant alisema mwenyewe. "Polisi wakikukuta nacho, wewe nalala ndani. Halafu skia." Akakitikisa karibu na sikio la Ombui; bapa lilicheza kwenye mpini, tk, tk. "Ikicheza leo, kesho nafunga kwa vidole yako."

Cha pili kilikuwa kizuri mno. Cheusi chote, mpini una mikwaruzo midogo ili usiteleze hata ukilowa, na kwenye bapa kimechomoza kijiti kifupi cha kusukuma kwa kidole gumba. Ombui alikichukua kwa mkono wa kushoto, akakitafuta kile kijiti, asikione. Kilikuwa upande wa pili.

"Hiyo natengenezwa kwa mtu ya mkono wa kulia," Jaswant alisema kwa sauti ya chini.

"Hata visu vinajua upande wa kuegemea," Ombui alisema, akakirudisha.

Cha tatu kilikuwa na sura mbaya. Mpini mpana wa kijivu, bapa fupi lenye nundu mgongoni, na kwenye nundu hiyo tundu la duara, kubwa, linaloonekana pande zote mbili. Ombui alitia kidole gumba kwenye tundu, akasukuma. Bapa likazunguka, likafika mwisho, likajifunga: tak. Alikitikisa sikioni. Kimya. Akakandamiza ncha kwenye ubao wa kaunta kwa uzito wa bega lake, na bapa halikurudi nyuma hata unywele.

Alikaa nacho kwa muda mrefu. Alikifungua mara kumi, akijaribu kwa kiganja kikavu, kisha akamwomba Tara maji kidogo akajaribu kwa kiganja kilicholowa. Alikitia mfukoni, akakitoa, akakitia tena. Kulikuwa na kibanio cha chuma cha kukishikia ukingoni mwa mfuko, nacho kilikuwa kimefungwa upande wa kulia. Jaswant alileta bisibisi ndogo, akakihamisha upande wa kushoto bila kuombwa.

"Kufungua umejua," alisema. "Sasa kufunga. Kufunga ndiyo naumiza watu."

Alimwonyesha. Mgongoni mwa mpini kulikuwa na komeo; ukilibonyeza, bapa linaachiliwa. Wakati huo vidole vinne visiwe vimekumbatia mpini, kwa sababu bapa linarudi mlemle vilimo. Mkono ufunguke kwanza, mpini ukae kwenye kiganja tu, ndipo mgongo wa bapa usukumwe taratibu kwenye paja. Jaswant alinyoosha kidole chake cha shahada akaonyesha kovu jeupe lililokizunguka.

"Mimi nafunga kama ile ya zamani. Shika yote, bonyeza, sukuma. Kila mtu nafanya hivyo mara ya kwanza. Toa vidole njiani, mzee. Kwanza vidole, halafu komeo."

Ombui aliyarudia maneno hayo kwa sauti, kisha akalipa kwa hela za beberu aliyemuuza kwa ajili hiyo.

Wiki sita zilizofuata alifanya mazoezi nyuma ya jiko. Alinoa kisu juu ya jiwe la mtoni alilolibana kwa magoti. Alikata mashina ya migomba, akiyakandamiza kwa kigutu, mpaka kigutu kikachubuka na kuota sugu. Suruali zake mbili zilitoboka pajani. Mkewe Kwamboka alizishona na kuzishona tena, na siku moja akaishiwa na subira.

"Baba Bochaberi, mwambie Joash akushikie nyama tu. Wewe utakata. Nani atasema kitu?"

"Mimi nitasema."

"Yule ni ndugu yako."

"Najua ni nani."

Kwamboka alikata uzi kwa meno akaenda zake. Alikuwa amemsikia mumewe usiku mwingi akihesabu usingizini, moja, mbili, tatu, mpaka sita, na alijua vizuri alikuwa anahesabu nini.

Siku ya Bochaberi ilikuwa Jumapili, anga safi, majani ya chai yanametameta mpaka bondeni. Wakwe walifika kutoka upande wa Nyakoe na pikapu moja na ng'ombe wao mbele. Mkubwa wao aliitwa Manasseh, mzee mrefu mwenye koti zito na macho yasiyokosa kitu. Ng'ombe walikaguliwa, mmoja akabishaniwa, mabishano yakaisha kwa chai. Bochaberi alipita mara moja na sinia la soda, akamtupia baba yake jicho la haraka, jicho la mtu aliyemwona Desemba akitiririka mate mbele ya watu na hataki kuyaona tena.

Kidari kikaletwa juu ya majani ya mgomba, bado kinatoa mvuke. Joash, aliyekuwa ameketi kiti cha pili na shati lake jeupe, akajisogeza mbele kidogo, mikono tayari magotini. Ombui aliiona mikono hiyo. Yote miwili.

Akasimama. Akapeleka mkono mfukoni, akakitoa kile kisu cha kijivu, kidole gumba kikaingia kwenye tundu. Tak.

Hakuna aliyekohoa. Manasseh aliinua nyusi. Ombui akapiga goti moja, akakandamiza nyama kwa kigutu, mafuta ya moto yakamuunguza kwenye ngozi mpya, akajikaza kisabuni, akavuta kisu mara moja, mara mbili, mara tatu. Kidari kikaachana vipande viwili vilivyo sawa. Akakichoma cha kulia kwa ncha akakiweka mbele ya mkwe wake. Manasseh alikipokea kwa mikono miwili na kuinamisha kichwa. Kule jikoni kina mama wakapiga vigelegele, na Ombui akajua bila kugeuka kwamba Kwamboka alikuwa analia.

Furaha ilimjaa kifuani. Aliweka kisu, kingali wazi, juu ya jani la mgomba, akaketi kwenye kiti cha mbele. Kilikuwa chake. Hangekuja mtu kukiondoa tena. Laiti shughuli ingeishia hapo.

Lakini Joash hakuwa mtu wa kuacha kimya kikae. Alisimama, akapiga makofi, akawageukia wakwe meno yote nje.

"Mmeona, wazee wetu? Mmeona huyu ndugu yangu? Watu walinilaumu mimi miaka minne. Walisema Joash amemmaliza Ombui. Sasa mmeona wenyewe. Hata ule mkono mwingine hakuuhitaji! Mungu ni mwema!"

"Amina," walisema wakwe, ambao hawakujua chochote.

Furaha ya Ombui ikamtoka yote mara moja. Alikuwa amejifunza kwa wiki sita, amejichubua, amejiunguza mbele ya watu, na mwisho wa yote alikuwa amemsafisha Joash. Hakutaka kusema lolote. Alitaka tu yule mtu aketi.

Joash hakuketi. Aliinama akaokota kisu kutoka kwenye jani.

"Hebu tukione hiki kisu cha kizungu," alisema. Alikigeuza juani, akawaonyesha wakwe lile tundu, akachungulia kupitia humo kama anayelenga shabaha, watu wakacheka. Akakijaribu makali kwa ukucha, akapiga mluzi. "Na kinafungwaje? Aa. Hapa mgongoni."

Akaukumbatia mpini kwa mkono wa kulia, vidole vyote vinne vimezunguka mbele, mahali hasa palipokuwa mfereji wa bapa. Kidole gumba kikalipata komeo. Akainua kiganja cha kushoto, tayari kusukuma.

Ombui aliona yote. Alikuwa hatua moja kutoka pale. Maneno yalikuwa mdomoni mwake tayari, mafupi, yale yale aliyorudia mbele ya Jaswant: kwanza vidole. Joash alibonyeza komeo, halikuachia. Moja. Akabonyeza tena, akacheka, akasema kisu kina ukaidi kama mwenyewe. Mbili. Watu wakacheka naye. Tatu. Akakigeuza kidogo apate nguvu. Nne. Akainua macho akamtazama kaka yake, na Ombui akamtazama vile vile, mdomo umefungwa. Tano.

Komeo likaachia.

Makali yaliyonolewa wiki sita kwenye jiwe la mtoni hayakuhitaji nguvu. Joash hakupiga kelele. Alisimama akiutazama mkono wake uliofungwa juu ya kisu, na damu ikaanza kutoka kati ya vidole, ikadondoka juu ya jani la mgomba, juu ya nusu ya kidari iliyobaki. Manasseh akaruka na leso yake. Mtu akaita dereva wa pikapu. Bochaberi alifika mlangoni na sinia, akaliangusha. Walipomfungua vidole, viwili havikunyooka wala kukunjika tena, na daktari wa Nyamira jioni hiyo angewaambia kwamba havitakunjika kamwe.

Kabla hawajampandisha kwenye gari, Joash aliwasukuma waliomshika. Uso wake ulikuwa wa majivu. Alikuja mpaka mbele ya kile kiti.

"Uliona," alisema kwa sauti ya chini, taratibu, ili wakwe wadhani ni mtu anayeaga tu. "Ulikuwa unaniangalia. Ulijua, na uliona."

Ombui aliokota kisu kutoka chini. Alikifuta kwenye suruali, akafungua vidole vyake, akalibonyeza komeo, akalisukuma bapa kwenye paja mpaka likalala. Akakirudisha mfukoni. Hesabu yake ya miaka minne ilikuwa imetoka sawasawa: muda ulikuwepo, ulikuwa mwingi, ulitosha kusema na kubaki. Na mtu anaweza kuwa nao wote na asiseme. Sasa alikuwa na ushahidi, na alikuwa ameupata ndani yake mwenyewe.

"Hakukuwa na muda," alimwambia ndugu yake.